Chuo Kikuu cha Mbalamwezi

Chuo kikuu cha umma cha Minago kilizaliwa ndani ya ghala la mawese. Bendera ilipandishwa, hotuba zikasomwa, na kuta zikaendelea kutoka jasho la mafuta kila jua lilipokaza, kana kwamba nazo zinasubiri mtihani.

Mwaka wa tatu, tume kutoka Bujumbura ilitangaza kuja kuhesabu wanafunzi. Ikikuta viti vitupu, chuo kinafungwa. Tahira, aliyeanika ndagala, dagaa wa ziwani, asubuhi na kusoma takwimu alasiri, alikuwa amebakiza muhula mmoja. Bujumbura asingeweza kuhamia. Vichanja vyake vya samaki ndivyo vilivyolisha nyumba nzima.

Mkurugenzi wa chuo, Pontiani, aliachiwa kuchagua tarehe ya ziara, akaichagua kwa hekima kubwa. Alikwepa mvua, sikukuu na siku ya soko. Lakini alikuwa mtu wa mashamba ya Bugarama, na mwezi hakuufikiria. Tarehe ikaangukia kwenye giza, siku ambazo wavuvi hukesha ziwani na taa zao, na mchana hulala kama magogo. Na wanafunzi wengi wa chuo walikuwa wavuvi.

Tahira alipomweleza, tarehe haikubadilishika tena. Pontiani akawaza, kisha akaazima vijana wa shule ya bweni ya jirani. Wakaja wamechomekea mashati, wakaketi kwa utulivu ambao walimu wao hawajapata kuuona.

Madamu Vestine, mkuu wa tume, alimuuliza mmoja anasomea nini.

"Uchumi, Madamu. Mwaka wa tatu."

"Na umri wako?"

"Kumi na minne. Nilianza mapema."

Pontiani akatazama dari. Madamu Vestine akafunika kalamu yake. Tahira aliuona muhula wake ukifunikwa nayo, akasimama.

"Madamu, hawa ni wa kuazima. Wenyewe wako ufukweni. Twende ukawahesabu."

Wakateremka wote, tume na viatu vyake vya ngozi, wakipita kati ya vichanja. Wavuvi walikuwa wamejilaza chini ya michikichi, juu ya nyavu, midomo wazi. Tahira akawataja mmoja mmoja kwa jina. Exaucé, kijana aliyetoka Kivu, alifumbua jicho moja akakuta tume imemzunguka. Ili kumpima, Madamu Vestine akamuuliza wastani wa takwimu una ubaya gani.

"Mutumbwi mumoja ukijaza, Mama, wote tunaonekana matajiri," alisema Exaucé. "Naweza kulala?"

Aliruhusiwa. Madamu Vestine akahesabu mpaka wa mwisho.

"Bujumbura nako wanalala," akasema. "Ila wao wanalalia darasani."

Chuo hakikufungwa. Kilipewa chumba cha pili, na kalenda inayofuata mwezi: mbalamwezi masomo, giza likizo. Yule mwanauchumi wa miaka kumi na minne alirudishwa bwenini kufua mashuka, na mpaka leo anadai mwaka wa tatu ulikuwa mgumu.

Tahira alihitimu mwezi ulipokuwa mpevu. Ukumbi ulijaa wavuvi, na wote walikuwa macho.