Mpera Ulibaki, Popo Walivuka

Nilichokiona kwanza ni makapi ya mapera chini ya mkwaju, nyuma ya nyumba ya Bibi Rahabu. Yalikuwa yametafunwa, yakakamuliwa, yakatemwa, bapa kama vifungo vya koti.

Kijiji chetu kipya hakikuwa na mpera hata mmoja. Mipera ilibaki kwenye mahame, kijiji chetu cha zamani ng'ambo ya korongo, na tangu tulipohamishwa mwaka 1974 kurudi huko kulikatazwa. Aliyerudi alinyimwa mgawo wa mahindi ya njaa.

Kesho yake Mwenyekiti Melkizedeki aliita watu pale pale.

"Bibi, unatoroka kwenda mahame."

"Kwa miguu ipi, mwanangu?"

"Kwani mapera yametembea yenyewe?"

Jirani yetu Simeoni akadakia, "Mwenyekiti, bibi ana meno mawili. Katafuna na nani?"

Watu wakacheka.

"Anasaga kwa ufizi," mwenyekiti akasema, kisha akanigeukia. "Dorika, wewe ulifika darasa la tatu. Haya kayatema nani?"

Nilijua. Mtu akila pera humeza na mbegu zake. Popo, wale wakubwa wenye uso kama wa mbwa, hunyonya maji na kutema makapi. Zamani tuliyaona chini ya mipera tu, ndiyo maana hakuna aliyefikiri kwamba popo anaweza kuvuka korongo na tunda mdomoni. Mpera ukiachwa, unabaki. Popo huufuata, akachukua chake, akaenda kula mkwajuni. Mimi niliwaona wakiondoka na mapera jioni.

Lakini ningesema hivyo, wangeniuliza niliwaona nikiwa wapi.

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. "Sijui, mzee."

Siku ya mgawo Bibi Rahabu alirudi na debe tupu. Mama alinituma nimpelekee bakuli la uji. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniita mjukuu wake, akasema mtoto mwenye adabu kama mimi hayupo kijiji kizima. Uji ule hata haukujaa bakuli.

Aliishi miaka minne zaidi. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, na mimi nikapita haraka.

Bibi, walikuwa popo. Aliyekuwa anarudi mahame ni mimi.