Paja la Kushoto la Bhairu

Plasta ilipokatwa, mguu wa kushoto wa Bhairu ulitoka mwembamba, umesinyaa, hata ungedhani si wake. Sisi wanamieleka wenzake hapa Kolhapur, India, tulimcheka, maana adabu hatuna.

"Huo mguu wa kuku umeuokota wapi?" nikamwuliza.

"Nimeuazima kwako, Sada. Vumilia kidogo."

Alicheka, lakini macho yalikuwa mekundu. Kabla ya kuvunjika ndiye aliyekuwa ameteuliwa kutuwakilisha kwenye mieleka ya tamasha, na sasa nafasi nilikuwa nimepewa mimi. Baba yake alishamwambia kwamba asipopigana mwaka huu, arudi nyumbani akakate miwa. Vastad, mwalimu wetu, akaamua kwamba tamasha likikaribia tutashikana sisi wawili. Atakayemlaza mwenzake chali ndiye atakayekwenda.

Bhairu akaanza kuchuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka, hadi jasho likatengeneza kidimbwi miguuni pake. Alikunywa maziwa ya nyati kwa lozi na samli, akalala anakoroma, akaamka anachechemea. Vastad alimfunga uzi pajani ili kupima unene, akaupiga fundo. Kadiri siku zilivyopita, uzi ulizidi kubana. Mimi nilianza kuogopa, nisiseme uongo.

Kisha ukalegea; paja lilikuwa linasinyaa tena.

Vastad alishangaa, hadi siku ya mapumziko, ile ambayo udongo wa uwanja hunyunyiziwa mtindi na manjano na hakuna ruhusa ya kuukanyaga. Alimkuta Bhairu nyuma ya banda la nyati, anachuchumaa kwa mguu ule mmoja, meno kayauma.

"We punguani, unafanya nini?"

"Vastad, nikipumzika samli yote itakimbilia mguu mzima. Huu utabaki na njaa."

Vastad alicheka mpaka akakohoa, halafu akakasirika kwelikweli.

"Sikiliza. Ukichuchumaa unaichana nyama. Chakula na usingizi ndivyo vinavyoishona, tena vinaishona nene kuliko ilivyokuwa. Wewe unachana hata kabla haijashonwa. Lete ubinda wako!"

Akamnyang'anya kitambaa hicho cha kiunoni tunachopigania. Bila ubinda huingii uwanjani, kwa hiyo Bhairu alilia waziwazi, akidhani amefukuzwa. Kumbe alikuwa amelazimishwa kupumzika tu. Alikula, akalala, akala tena. Aliporudishiwa ubinda, akawa anafanya kazi siku moja na kulala siku inayofuata, kwa utii ambao mimi siuwezi. Uzi ulikatika wenyewe.

Siku yetu ikafika. Niliuendea mguu wa kushoto, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Nikaukumbatia kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Haukusogea. Chini ya ngozi nilihisi nyama ikijikaza, nzito, hai, na hata kabla sijamaliza kustaajabu nikawa natazama mabati ya paa, mgongo wote umelala udongoni.

"Umeumia, kaka?" akaniuliza, akinipa mkono.

"Nyamaza, niache niutazame huo mguu."

Tamasha lilikuwa limenitoka, na roho iliniuma. Lakini ule mguu nilikuwa nimeuona ulipokuwa kijiti. Nimemzidi Bhairu umri kwa miaka mingi, na kwetu mdogo ndiye humgusa mkubwa miguu kwa heshima. Mbele ya wote niliinama, nikamgusa mguu wa kushoto.