Neno Moja la Kumzikia Babu

Babu alifariki hapa Ipswich, Australia, akiacha agizo moja: azikwe kwa neno la Kiyagara, lugha ya wazee wetu walioishi hapa kabla ya Wazungu, hata likiwa moja tu. Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa kuwa nasoma shule ya bweni na familia inaamini kwamba huko tunafundishwa kila kitu. Kwa kweli nimehitimu zaidi katika kuficha viatu vya walimu.

Asubuhi ya mazishi nilimwendea Bibi Coralie, dada yake Babu. Alikuwa jikoni akikata vitunguu, analia na kuvisingizia.

"Bibi, nipe neno."

"Unalo. Friji ile iliyoharibika, tunasema imekuwaje?"

"Bang'." Ndivyo tunavyosema jimbo zima la Queensland, weusi kwa weupe, kitu kikiharibika.

"Basi hilo ni letu. Wazee walilisema kwa mtu aliyekufa. Wazungu wakalisikia, wakalipeleka kwenye pampu na magari."

Nikaweka chini kitunguu nilichokuwa nakichezea. "Liseme wewe basi. Mimi wataona nafanya mzaha."

"Mimi kaburini nitalia tu. Na hiyo sifa ya mzaha, mwanangu, nani alikupa?"

Nikachukua kofia yangu.

Makaburini mjomba Desmond alisimama nyuma yangu. "Leo ukileta mambo yako," akaninong'oneza, "bwenini utarudi kwa miguu."

Jeneza lilipotua, nilivua kofia. Nikasema, "Babu yetu, bang'."

Binamu yangu Shontelle alicheka puani. Mchungaji akatazama viatu vyake. Mjomba akanikamata ukosi wa shati, na nikajua kwamba nikinyamaza sasa, Babu atafukiwa na kicheko badala ya neno lake. Nikalirudia, polepole, kama mtu anayemwambia aliyelala.

Ndipo Bibi Coralie, akilia kama alivyoahidi, akalisema pamoja nami. Akaongeza kwa ukali, "Ni la kwetu hilo. Mwacheni mtoto."

Mkono wa mjomba ukaachia ukosi, ukabaki begani. Watu wakalisema mmoja mmoja, Shontelle wa mwisho, na udongo ukaanza kuingia.

Nyumbani birika la umeme lilikataa kuwaka. Mjomba alilibonyeza mara kadhaa. "Hili nalo limekuwa..." Akafunga mdomo, akatutazama sote.

"Haliwaki," akasema.

Tukachemsha maji ya chai kwenye sufuria.