Tema, Baba

Chupa ya waini ilisafiri kutoka Afrika Kusini hadi Arusha ndani ya mguu wa suruali ya jinzi, nyuma ya kiti cha lori la Ndesanjo, dereva wa masafa, na haikuvunjika. Mimi nilisafiri na mume wangu hadi Moshi tu, tukavunjika. Kwa hiyo nilipoipokea pale kwenye fremu yangu ya viatu vya mtumba, Levolosi, niliishika kwa heshima zake zote.

Ilikuwa nyeusi, nzito kitako, karatasi yake haina mbwembwe. Chini kabisa, kwa herufi za aibu, waliandika jina la aliyeitengeneza: Lesian Lekishon. Mdogo wangu wa tumbo moja. Nikamwonyesha mteja aliyekuwa anajaribu raba. "Unaona? Huyu ni wa kwetu." Akaniuliza kama nina namba arobaini na mbili.

Lesian alikuwa anasomea uchungaji Makumira. Baba yetu, mzee wa kanisa kule Olmotonyi, alishamwona madhabahuni amevaa kola. Mwaka wa pili kijana akaacha chuo, akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya zabibu. Kosa halikuwa kuondoka. Watoto wa watu wanaondoka kila siku. Kosa ni kwamba aliondoka bila kutemewa. Kwetu mtoto anayekwenda mbali huinama mbele ya baba, na baba huvuta funda la pombe ya asali akamnyunyizia kichwani, akamwombea kwa Enkai, Mungu wetu. Hiyo ndiyo tiketi, ya basi ni nyongeza. Lesian alipiga simu akiwa tayari Tunduma, mpakani. Baba akakata. Miaka kumi na mmoja sasa hajalitaja jina lake. Ng'ombe wa baba wana majina, mpaka beberu ana jina. Mwanawe ni "yule".

Mimi nimebaki katikati kama kiraka. Nikipika loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, najikuta nimepika ya watu wengi, kisha naila peke yangu siku mbili huku namtukana Lesian kwa kila kijiko. Nilichokuwa nataka ni kimoja tu: hawa wawili waongee kabla mmoja hajaongelewa kwenye matanga.

Jumapili, ibada ilipokwisha, nikapanda Olmotonyi. Kizibuo nilikiazima kwa Tahera, jirani yangu anayeuza vyombo vya jikoni. "Kirudi hakinuki," alinionya. Baba nilimkuta sebuleni, bado na koti lake la kanisani na kofia kichwani. Nikaweka chupa mezani, na ndoo ndogo ya plastiki sakafuni, karibu na miguu yake. Lesian alikuwa amenieleza kwamba waonjaji wa waini hawamezi. Wanazungusha mdomoni, wanatema kwenye ndoo, la sivyo wakifika chupa ya kumi hawauoni mlango. Baba aliitazama ndoo, kisha akatazama paa. Nadhani alifikiri panavuja.

Nikapiga simu ya picha. Lesian akatokea, amevaa kofia, nyuma yake mapipa.

"Shikamoo, baba."

Baba akanigeukia mimi. "Mwambie mwenye simu kwamba nipo."

"Yupo," nikasema.

"Nimesikia, dada."

"Anataka nini?" baba akauliza.

"Anataka uonje waini aliyoitengeneza mwenyewe, umwambie kama ni nzuri."

"Wazungu wa kuonja wamekwisha huko?"

"Wapo, baba," Lesian akasema. "Ninakutaka wewe."

Baba akakohoa. Pombe ya asali ya kila harusi ya ukoo wetu lazima aionje yeye kwanza. Akikunja uso, bibi harusi atasubiri. Kumwomba mtu kama huyo aonje ni kumshika pabaya. Akaivuta chupa, akavaa miwani. "Kaber... Kabineti. Kabineti ya nani?"

"Kabernei, baba. Ni aina ya zabibu."

"Mimi nikadhani baraza la mawaziri limewekwa kwenye chupa."

Lesian alicheka mpaka picha ikatikisika. Baba hakucheka, ila alizipangusa pembe za mdomo ambazo hazikuwa na kitu.

Nikazibua, nikamimina kwenye glasi ya maji. "Kidogo tu, dada," Lesian akaelekeza. "Baba, izungushe. Sasa nusa."

Baba akazungusha kama anayetafuta nzi. Akanusa. Akanusa tena, safari hii macho yamefumbwa.

"Vuta funda. Usimeze, izungushe mdomoni." Mashavu ya baba yakajaa. "Haya, sasa tema, baba."

Baba akaacha kuzungusha. Kwa mara ya kwanza akaitazama simu yenyewe, siyo mimi niliyeishika. Akaweka glasi mezani taratibu. Akavua kofia. Akasimama, magoti yakilia.

Nilichelewa kidogo kuelewa. Mwenzetu hakuwa amesikia habari ya ndoo. Alikuwa amesikia neno alilolisubiri tangu Tunduma, kutoka kinywa kile kile.

"Baba, ndo..." nilianza.

Kwenye simu Lesian akainua kiganja: acha. Naye alikuwa ameelewa. Akavua kofia yake, akainamisha kichwa mbele ya kamera, nikaona utosini ameanza upara. Mdogo wangu, upara! Hakuna aliyeniambia.

Baba akatema. Siyo matone ya adabu; lilitoka funda zima, likalowesha simu, likanilowesha uso na kitambaa changu cheupe cha kanisani.

"Enkai ikutangulie," akasema, kidevu kinachuruzika.

"Naai," Lesian akaitikia kutoka huko aliko, ndiyo amina ya kwetu.

"Ikupe watoto wa kukusumbua kama wewe."

"Naai."

"Ikurudishe."

Waini iliniingia jichoni ikawasha, nikaiacha iwashe. "Naai," Lesian akasema mwishowe, sauti imepasuka katikati.

Nikaifuta simu kwa kanga. Lesian alikuwa anapenga kamasi kwa bidii, akajifanya mtu wa kazi. "Na waini, baba? Umeionaje?"

"Nitajuaje? Yote nimekupa wewe. Nalepo, mimina, na safari hii usibane mkono."

Akanywa na kumeza, akakaa nayo.

"Mwanzo ina ugomvi," akasema. "Inashika ulimi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Halafu inaachia. Nakuta zambarau, zile nyeusi zilizodondoka zenyewe." Akanywa tena. "Na moshi. Kuna moshi wa oloirien humu, mti aliofukizia marehemu mama yenu vibuyu vya maziwa."

"Ni pipa la mbao, baba. Ndani tunalichoma kidogo."

"Mama yenu hakuhitaji pipa."

"Hakuhitaji," Lesian akakubali.

"Divai ya kanisani ni tamu, inakusamehe haraka," baba akaendelea. "Hii siyo tamu. Hii ni nzuri. Imekaa muda gani?"

"Pipani miaka miwili, chupani mitatu."

"Mitano tu ikalainika." Akaitazama glasi. "Sisi wengine tumekuwa wagumu zaidi, Lesian."

Jina lilitoka bila shida. Mimi ndiye niliyetafuta pa kukaa.

"Utakuja lini?" baba akauliza.

"Mavuno yakiisha, baba."

Mavuno yakiisha. Nimelisikia hilo kila mwaka, nikalipikia loshoro kila mwaka. Lakini safari hii hakuongeza kisingizio cha kazi wala cha mizigo. Aliaga kwa shikamoo, na baba akaitika marahaba, ndefu, kama anayeivuta kutoka kisimani.

Simu ilipokatika, baba alikwenda jikoni akarudi na gunzi la mahindi. Akalichonga kwa kisu, akaziba nalo chupa iliyobaki nusu, akaipandisha juu ya kabati.

"Hii ni yake."

"Baba, waini ikishafunguliwa haikai. Wiki moja tu inakuwa siki."

"Umeambiwa na nani?"

"Na yeye mwenyewe."

Akaligonga gunzi kwa kiganja lizame zaidi. "Basi anajua awahi. Mwandikie."

Nikamwandikia kwamba chupa iko wazi na inamsubiri yeye. Kisha nikakaa na simu mkononi, inanata vidole, naangalia kama amesoma.