Ufagio wa Noreen

Alfajiri, kabla ya kuwalisha mbwa, Noreen alichukua ufagio wa mpini mrefu, akasimama mlangoni pa chumba cha kulala, akaita, "Merv! Ni mimi, Noreen. Uko nyumbani, kumekucha." Akaunyoosha mpini kuelekea miguuni pa kitanda, ndipo akakumbuka. Merv alikuwa amefariki siku nane zilizopita. Leo wanamzika.

Hata hivyo hakuthubutu kuingia upesi. Roho ilikuwa juu, kama ilivyokuwa kila asubuhi kwa miaka hamsini na miwili.

Jikoni, mjukuu wake Tegan alikuwa anapiga pasi shati jeupe. Mezani kulikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa barua ya idara ya askari wa zamani, imefika jana: Bwana Mervyn Haddrick afike mwenyewe mjini mwezi ujao, na kitambulisho, daktari athibitishe kama vita vilimdhuru. Merv aliomba kuonwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Wamemkumbuka! Karatasi ya pili ilikuwa fomu ya Tegan ya kujiunga na jeshi, ya kutiwa saini Jumatatu.

"Babu angefurahi, au sio, Bibi?"

Merv alikuwa amemwapisha Noreen: ya ndani yabaki ndani. Tegan alimjua babu wa mchana tu, aliyemfundisha kukata kondoo manyoya, aliyebeba wanakondoo yatima ndani ya koti lake. Na huyo naye alikuwa Merv wa kweli, wala si wa kuigiza.

"Kunywa chai," akasema. "Itapoa."

Makaburini upepo ulipeperusha vumbi la mashamba ya ngano. Pascoe, katibu wa chama cha askari wa zamani, alikuja na medali zake kifuani. Yeye na Merv walikwenda Vietnam pamoja.

"Hotuba nimeiandika fupi, mama. Safi kabisa."

"Umetia habari za usiku wake?"

"Usiku gani tena?"

"Basi, yaishe."

Pascoe akasoma. Serikali iliziweka tarehe za kuzaliwa za vijana kwenye pipa kama bahati nasibu, kuchagua wa kwenda vitani, ya Merv ikatoka, naye akaitikia wito. Akalima, akalea watoto watatu, ukame wa miaka saba haukumng'oa shambani. "Alirudi kutoka vitani mzima kama alivyokwenda. Hakuwahi kumtisha hata kuku."

Tegan aliinua kidevu kwa fahari. Noreen alikiona kile kidevu. Alikuwa amemwogopa mumewe maisha yake yote. Sasa alimwogopea mtoto huyu, na woga huu ulikuwa mkubwa zaidi.

Akaenda kwenye pikapu. Ufagio ulikuwa humo. Aliupakia asubuhi bila kujua kwa nini. Akarudi nao, akasimama mbali kidogo na jeneza, akaligonga kwa ncha ya mpini, mara tatu, polepole.

"Merv, ni mimi, Noreen. Uko nyumbani."

Watu wakatazamana.

"Hivi ndivyo nilivyomwamsha," akasema. "Kila siku. Mwaka wa kwanza nilimgusa bega. Mara moja tu." Akainua kidole cha kati kilichopinda. "Alikivunja usingizini, hakijanyooka mpaka leo. Alilia siku tatu, maskini, anaomba msamaha. Hakurudi mzima. Nyie mnajua hakurudi mzima."

"Mama, si leo," Pascoe akanong'ona.

"Si leo, lini? Jumatatu?"

Beryl, mjane wa askari mwingine wa shamba la jirani, akakohoa. "Mimi soksi," akasema. "Nilikuwa namrushia Keith wangu soksi, nimesimama mlangoni."

Mke wa Pascoe aliinamisha macho kwenye viatu vyake. "Mimi huwa nasubiri tu," akasema, "mpaka aamke mwenyewe."

Pascoe akaikunja hotuba yake, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu. Hakumtazama mkewe.

Tegan alisogea, akaupokea ufagio kutoka mikononi mwa bibi yake.

"Bibi, mbona hamkuniambia?"

"Tuliogopa, mjukuu wangu. Tuliogopa mpaka tukazoea."