Njia Tambarare ya Président Gustave

Gustave wa mtaa wa Stechford hakuwahi kukimbia katika nchi hii ya Wazungu, hata kukimbilia basi. Likimpita kituoni alisimama akaliangalia likienda zake, kama mtu anayemsindikiza mgeni, kisha akangoja lingine. Hata siku alipochaguliwa kuwa président, yaani mwenyekiti, wa Kamati ya Mbio ya kanisa, alifika mkutanoni amechelewa, tena kwa mwendo wa madaha.

Ukiuliza alichaguliwaje, mlaumu Brigid. Brigid ni nesi, mama mmoja wa Kiayalandi mwenye moyo mzuri na mdomo mwepesi, aliyekuja kanisani Bordesley Green na mashine yake ya kupima presha na sukari. Alipima kina mama, akatikisa kichwa. Alipima kina baba, akajishika kiuno. Akasema kwa kula huku na kukaa huku hamfiki mbali, lazima mkimbie. Ndipo macho yake yakamwangukia Gustave, mwembamba tangu kuzaliwa, akachangamka: “Wewe lazima ni mkimbiaji! Watu wa huko kwenu si ndio mnaoshinda medali zote kwenye televisheni?”

Wanaoshinda hizo medali ni watu wa Eldoret. Kati ya Eldoret na Bukavu kwa kina Gustave kuna Uganda nzima imelala katikati. Lakini hebu mwelewe na yeye kidogo. Miaka kumi na moja alikuwa akisukuma maboksi ghalani, akiamrishwa na vijana wa rika la binti yake ambao hawakujua hata jina lake, na hakuna Mzungu aliyewahi kumdhania kitu kizuri. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa bingwa. “Kidogo kidogo,” akasema.

Hiyo kidogo kidogo ndiyo iliyomponza.

Sasa, watu wetu wa Kongo ukiwaambia wakimbie, kwanza wanaunda kamati. Kufika saa kumi jioni siku hiyohiyo palikuwa na président, vice-président, katibu, msaidizi wa katibu, mtu wa protocole, washauri wawili, mwombaji, na mama wa chakula. Vyeo tisa, mkimbiaji hakuna. Kanisa likamnunulia président viatu vya kukimbilia vya rangi ya machungwa, vikali hata kuvitazama. Gustave akavijaribu mara moja mbele ya kioo, akavirudisha kwenye boksi, akalisukuma boksi chini ya kitanda.

Mkewe Immaculée, ambaye sukari yake ndiyo ilimfanya Brigid apime mara mbili, aliuliza kama na yeye anaweza kuingia kwenye kamati. “Mimi nataka kukimbia,” akasema.

“Kamati imeshajaa, maman,” Gustave akamjibu. “Wewe utatupikia sombe, yale majani yako ya muhogo.”

Immaculée akanyamaza. Na ukimwona Immaculée amenyamaza, usidhani amekubali.

Basi mwezi wa nne kamati ikaamua: kiangazi kanisa lote litakwenda Skotlandi, kwenye mji mdogo kando ya ziwa, kuomba asubuhi na kukimbia mchana. Président atangulie siku mbili, azikimbie njia zote kwa miguu yake, aziandike katika kijitabu. Siku ya kukisoma kijitabu, mkutano utaamua: akithibitika, kiti ni chake miaka miwili, akishindwa, kinakwenda kwa Arsène, vice-président, ambaye tangu mwanzo alikuwa akimwangalia Gustave kwa jicho la pembeni. Na kiti hicho Gustave alikitaka jamani, usiseme. Jumapili watu walikuwa wakimwinukia. Mtoto wa Maman Nabintu, mama mmoja wa kanisani, alimbebea mkoba. Mtu aliyesukuma maboksi miaka kumi na moja hawezi kurudi kuwa mtu wa maboksi tu.

Kwa hiyo Ijumaa akaaga, Immaculée akamfungashia chapati na mayai ya kuchemsha, akatoka na begi. Alipokata kona tu, Skotlandi ikafutika kichwani. Nani aende akanyeshewe huko? Akapanda basi namba kumi na moja hadi Acocks Green, kwenye saluni ya rafiki yake Gédéon, akakaa siku mbili kwenye kiti cha kunyolea, chapati mkononi, ramani kwenye simu.

Simu yenyewe ilikuwa na kioo kilichopasuka, na mwanga ameupunguza ili chaji isiishe, hivyo rangi zote zilifanana na majivu. Gustave akachora njia ya kwanza msituni, ya pili mlimani. Kwa ya tatu akaona mstari wa nukta nukta umenyooka vizuri, hauna kona, hauna kilima. “Hii hapa,” akamwambia Gédéon, “ya wagonjwa wa presha.” Kuhusu mandhari hakusumbuka. Yeye si mtoto wa ziwa? Akafumba macho, akaandika ziwa analolijua, la kwao Bukavu.

Mkutano ulifanyika Jumamosi ya wiki iliyofuata mchana, katika ukumbi wa kanisa. Walikuja watu hamsini. Alikuwepo pia Mzee Gurdev, Singasinga wa Kisumu mwenye umri wa miaka sabini na mbili, kwa sababu basi la safari ni lake na dereva ni yeye. Immaculée aliingia wa mwisho, kitenge kinafagia sakafu, uso unatoka jasho. Gustave akadhani ni moto wa jikoni, akafurahi kwamba sombe iko tayari.

Akasimama, akasoma. Na hapo, tusimnyime haki yake, alisoma vizuri. Njia ya kwanza ilipita chini ya mikaratusi yenye harufu ya dawa ya kifua. Ya pili ilipanda mpaka unapoona makasia yakimeta chini, na kina mama wameanika dagaa wa sambaza juani. Sambaza, Skotlandi! Kila mtu mle ndani alijua ziwa hilo ni lipi, na hakuna aliyesema, kwa sababu wengi walikuwa hawajaliona miaka kumi na tano. Maman Nabintu alilia waziwazi.

“Njia ya tatu,” Gustave akaendelea, sauti imenenepa. “Kilomita tano. Tambarare mwanzo hadi mwisho. Maji kulia, maji kushoto, upepo mwororo. Naipendekeza kwa wazee na wenye presha. Mimi mwenyewe niliikimbia mara mbili, kwenda na kurudi.”

“Mimi namba tatu!” akapaza sauti Maman Nabintu, machozi bado shavuni. Mikono ikainuka ukumbi mzima. Katibu akaandika majina thelathini na moja.

Mzee Gurdev akavaa miwani, akatoa simu yake. “Bwana président, hongera. Swali dogo tu la dereva. Hii namba tatu, nikusanye watu wapi?”

“Mwisho wa njia, mzee.”

“Ng'ambo?”

“Ndiyo, ng'ambo.”

“Na kutoka upande huu mpaka ng'ambo, wanakanyaga nini?”

Gustave akacheka kidogo. “Mzee, si barabara? Iko kwenye ramani.”

“Ile ni feri,” akasema Gurdev kwa upole, jambo ambalo ni baya kuliko kupigiwa kelele. “Hizo nukta nukta ni safari ya feri, bwana. Hakuna daraja. Hapo katikati kuna maji ya kuzamisha kanisa na msalaba wake. Aliyewahi kupita kwa miguu mahali kama hapo namjua mmoja tu, tena yumo kwenye kitabu chenu, si changu. Wewe ulikwenda na kurudi. Hukulowa?”

Lo! Ukumbi ukalipuka. Mwombaji wa kamati alifunika uso kwa Biblia, mabega yanamtikisika. Arsène hakucheka. Aliiweka sawa tai yake, kama mtu ambaye yuko karibu kuitwa mbele.

Gustave aliona kiti kinaondoka. Aliyaona maboksi yanarudi. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwa mkewe, na moyo ukatulia, kwa maana miaka ishirini na miwili Immaculée hajawahi kumwaibisha mbele ya watu.

“Namba nimechanganya, ni makosa ya uandishi!” akapiga kelele. “Lakini kukimbia nimekimbia! Muulizeni mke wangu! Viatu mlivyonipa vimelika soli! Maman, waambie!”

Immaculée akainuka taratibu.

“Ni kweli,” akasema. “Viatu vya président vimelika soli.”

Watu wakashusha pumzi. Gustave akashusha kubwa kuliko wote, akamtupia Arsène jicho.

Immaculée akatembea mpaka mbele, akaketi kwenye kiti cha président, ambacho kilikuwa wazi kwa vile président alikuwa amesimama, akapandisha kitenge. Chini ya kitenge kulikuwa na vile viatu vya rangi ya machungwa, vimejaa tope mpaka kwenye kamba.

“Tangu mwezi wa pili,” akasema, huku akifungua kamba. “Kila asubuhi yeye akiwa kazini, kando ya mto Cole, nyuma ya nyumba zetu. Mara tatu nimeanguka. Leo nimetoka hukohuko moja kwa moja. Nesi Brigid amenipima juzi, sukari imeshuka.” Akavua kimoja, akavua na cha pili. Ndani kila mguu ulikuwa na soksi tatu, moja juu ya nyingine, ili viatu vya mume vimkae. Akaviweka mezani juu ya kijitabu, tope likaenea kwenye njia zote tatu.

“Kwa hiyo kiti tumpe Maman Immaculée?” akauliza katibu, kalamu juu.

“Kiti mpeni Arsène, mpeni Gustave, mpeni mnayemtaka,” akasema Immaculée. “Mimi ninunulieni viatu vya saizi yangu.”