Futi Moja na Nusu kwa Mtu

Jumatatu ya juma la Krismasi, mwaka 1954, Anania alipima benchi alilolimaliza Jumamosi, akakuta limeongezeka futi moja na nusu. Alipima tena, maana futikamba yake ilikuwa kuukuu. Kisha akaipiga randa ile sehemu mpya, kwa sababu ilikuwa imeota bila kulainishwa.

Anania alikuwa seremala wa shamba la kahawa upande wa Mbalizi, Mmoravian wa kutoka Rungwe, mtu asiyeweza kukaa na habari njema mdomoni. Benchi hilo la mninga lilikuwa la kanisa dogo la Wazungu pale kilimani, nalo lilikuwa limeshawekwa humo karibu na mlango: futi tisa, watu sita. Aliyeliagiza ni mwenye shamba, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Baadaye, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila ombi, liwe la blanketi au la likizo.

Siku moja kabla, Jumapili, Anania alikuwa amemwalika Jailos kwenye ibada ya Krismasi. Jailos alikuwa Msafwa, mwendesha mashine ya kumenya kahawa, rafiki yake wa miaka minne. Kila Krismasi na kila Pasaka Anania alimhubiria, na kila mara Jailos alicheka, akamwambia “ndaga fijo,” asante sana, kwa kumwiga Kinyakyusa chake, akaenda zake. Safari hii hakucheka. Mwezi wa kumi alikuwa amemzika binti yake, na Anania ndiye aliyechonga jeneza.

“Ndugu yangu, unasema nyumbani kwa Mungu wako kuna nafasi ya kila mtu,” alisema. “Basi nitakuja hapo kilimani. Nikipata pa kukaa, andika jina langu nibatizwe. Nikikosa, usinitajie tena habari hizi mpaka tufe.”

Anania alisema pa kukaa papo. Alisema upesi, kama kawaida yake, ndipo akakumbuka hali ilivyo. Yeye mwenyewe aliruhusiwa kuingia kanisa lile kwa sababu mbili tu: kupiga kengele na kufunga mlango.

Kwa hiyo alipoona benchi limeota, moyo ulitulia. Jumanne aliwaalika wachambuzi wawili wa kahawa, likaongezeka futi tatu. Jumatano alipita kwa majirani kambini, nyumba kwa nyumba. Tusekile, mkewe, aliuliza tu kama miguu nayo inaota. Inaota, Anania alimjibu, kila baada ya futi tano. Kufikia Ijumaa alikuwa amealika watu arobaini, msasa umemwishia, na benchi limefuata njia ya katikati, likavuka kizingiti na kuteremka kuelekea kambini.

Bwana Baadaye alikuja, akalitazama, akasema ni refu. Anania alivua kofia akamwuliza kama wageni wake wangeweza kukaa ndani, maana yale mabenchi mengine matano hayajai hata siku ya Pasaka.

“Baadaye,” alisema.

Jailos hakuambiwa habari za jibu hilo. Anania aliona haya, akatumaini kesho itajisemea yenyewe.

Kesho ilikuja na mvua. Wageni arobaini walifika na nguo zao safi, kila mmoja akapata futi yake moja na nusu, nje. Jailos alipata nafasi ya kwanza kutoka mlangoni, goti lake likikaribia kugusa kizingiti. Wimbo wa pili ulipoanza, upepo ulisukuma mvua ndani, na Bwana Baadaye akaashiria mlango ufungwe. Haukufungika, benchi lilikuwa katikati. Akamnong'oneza Anania aukate mlango chini, kiasi cha benchi kupita.

Anania alitaka kukataa. Alichukua msumeno. Mlango ulikuwa unachezacheza kwa upepo, basi Jailos aliusogelea, akaushika kwa mikono miwili ili ukatike sawa.

“Pa kukaa nimepata,” Jailos alisema polepole. “Kama ni ndani au nje, sikukuuliza. Kosa langu, Bwana Fundi.”

Kwa miaka minne alikuwa hajamwita hivyo hata mara moja.

Anania alifunga mlango. Ulikaa barabara, haukupitisha hata tone. Ndipo alipotambua kwamba amebaki upande wa ndani.

Pasaka, Jailos alibatizwa, kwa maana neno lake lilikuwa neno. Alimshukuru Anania kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru karani, wala hakuja tena kukaa barazani kwake. Anania aliendelea kualika watu. Hakujua kazi nyingine ya kufanya na huzuni ile. Krismasi iliyofuata benchi lilifika futi mia moja na ishirini, na mvua ilinyesha vile vile, wa nje wakatetemeka kwa baridi kama mwaka uliopita. Bwana Baadaye alikuwa ameagiza mito sita ya kukalia, kwa sababu wageni wake wa ndani walilalamika kwamba ubao unatetemeka.